Chumvi Inakaa Nje

Wiki iliyopita nilikuwa nashuka ngazi na kikapu cha nguo kwenda chumba cha kufulia, nikasikia harufu kwenye ghorofa ya pili. Ilikuwa harufu ya uduvi uliosagwa, ukatiwa chumvi, ukaachwa kwenye chupa uchachuke mpaka ukawa wa zambarau. Asiyeijua atadhani kuna kitu kimeoza nyuma ya friji ya mtu. Mimi niliketi pale pale kwenye ngazi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nikaivuta puani huku zamu yangu ya kufulia ikinipita, na ninyi wa rika langu mliokulia mji huu mnajua zamu ya kufulia haichezewi. Sikujali. Nilikuwa nimerudi Husby, mtaa wetu wa utotoni, nina miaka tisa, na Baba anataka kuhama.

Kwanza niwaeleze sinia. Wazazi wangu walikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura. Sisi ni watu wa kanisa, lakini Buyenzi ilikuwa imewazoesha kula kwenye chombo kimoja, na mazoea hayo walikuja nayo mpaka Stockholm. Sinia letu lilikuwa la bati, lenye maua mekundu yaliyokwisha kufutika katikati. Tulilizunguka wanne: Baba upande wa dirisha, Mama upande wa jiko, mimi na mdogo wangu Yvan tumebanwa katikati yao. Kila mtu alikula mbele yake. Kuvuka upande wa mwenzio ilikuwa ulafi, na ulafi ulipigwa kofi la mkono. Ni Baba peke yake aliyevunja sheria hiyo, kwa kusukuma mnofu wake kwa kidole mpaka ufike upande wetu, huku akitazama nje kana kwamba hajui kidole chake kinafanya nini.

Baba aliendesha basi. Alikuwa na mwili wa mtu anayekaa kutwa, na alipenda chakula chenye mawese na chumvi inayojitambulisha. Chakula kisicho na chumvi, alikuwa akisema, ni cha wagonjwa na wafungwa. Kisha daktari wa kazini akampima, akarudia kumpima, akampeleka kwa muuguzi wa kituo cha afya. Presha. Muuguzi alimpumzisha kwanza kitini akidhani labda amepanda ngazi kwa haraka, na namba ikabaki palepale. Akapewa vidonge na karatasi ambayo Mama aliibandika kwenye friji: chumvi kidogo, mafuta kidogo, mboga nyingi. Na akaambiwa waziwazi kwamba presha isiposhuka mpaka kipimo cha Pasaka, usukani ataachia wengine.

Hayo yote niliyapata baadaye. Wakati ule hakuna aliyefikiri mtoto anahitaji kuelezwa. Mimi nilichokiona ni kwamba jikoni kumezuka sufuria ya pili, ndogo, ya buluu, na kwamba Baba ameondolewa kwenye sinia. Mama alimpakulia kwenye sahani ya udongo, akamwekea na uma. Baba akaitazama ile sahani, akaichukua bila neno, akaenda kuketi nayo mbele ya televisheni. Upande wa dirisha ukabaki mtupu, na hakuna aliyethubutu kula mbele yake.

Nilikuwa mtoto wa kuchunguza. Nilishawahi kuifungua redio ya Baba kwa bisibisi nione sauti inakaa wapi. Kwa hiyo nilifanya nilichozoea, nikaenda kuuliza anayejua. Shuleni nilikuwa na rafiki, Sanna, ambaye wazazi wake walikuwa wameachana, na kwa mambo hayo yeye alikuwa profesa wa darasa zima.

"Anakula peke yake?" aliuliza. "Mbele ya televisheni?"

"Ndiyo."

"Basi tayari. Kwetu ilianza hivyohivyo. Halafu pappa akahamia Rissne, mtaa mwingine. Sasa nina vitanda viwili na miswaki miwili, wiki moja huku, wiki moja kule."

Alilisema kama habari njema. Mimi nilirudi nyumbani. Kichwani nilijaribu kumpangia Baba chumba Rissne, nikamwona ameketi kwenye kochi la watu na sahani ile ya udongo mapajani, nikashindwa kuendelea. Niliogopa kwa namna ambayo sijaogopa tena mpaka nilipopata watoto wangu mwenyewe.

Jioni moja Mama alipokuwa akimwogesha Yvan, nilisogeza kiti jikoni nikaonja sufuria zote mbili, kubwa kisha ndogo, kisha kubwa tena. Maharage yalikuwa yaleyale, vitunguu vilevile. Kubwa ilikuwa na mawese kidogo, sawa, lakini tofauti yenyewe, ile iliyokufanya ukunje uso, ilikuwa chumvi. Nikafurahi kwa jinsi nilivyokuwa na akili kuliko wazazi wangu. Kumbe kilichomtenga Baba nasi ni chumvi! Sufuria zikiwa sawa, sahani mbili za nini? Nikachota kwa vidole viwili, nikatia kwenye sufuria ya buluu, nikakoroga, nikarudisha kiti mahali pake.

Ni mimi niliyempelekea Baba sahani siku hiyo. Alitia kijiko mdomoni, akatulia. Akanitazama. Akaitazama sahani. Kisha akala mpaka akaifuta kwa kipande cha mkate.

"Mama Nadine," aliita kuelekea jikoni, "leo umepika!"

Mama akatokeza kichwa mlangoni akatabasamu, tabasamu la kwanza siku nyingi. Nikaona dawa yangu inafanya kazi. Kesho yake nikatia tena, na keshokutwa, na vidole viwili vikawa vitatu.

Ajabu ni kwamba hakuna aliyemrudisha Baba kwenye sinia. Nilisubiri kila siku. Sufuria zilikuwa sawasawa, mimi mwenyewe nilizihakikisha kwa ulimi, lakini sahani ya udongo iliendelea kutoka kabatini. Kisha siku moja Baba akarudi kutoka kwa muuguzi, Mama akafunga mlango wa jikoni. Mlango ule ulikuwa na kioo, na chini yake palikuwa na nafasi inayomtosha mtoto aliyelala kifudifudi kwenye korido achungulie.

"Imepanda," alisema Mama. "Nakupikia bila chumvi, vidonge unameza, halafu inapanda. Juu ya nini? Weye unakula wapi?"

"Sijala popote."

"Pale Akalla, mwisho wa basi. Soseji. Viazi vya kukaanga. Usinidanganye, Baba Nadine, miye si mtoto."

"Sijala soseji, nakuambia."

"Basi mashine ya muuguzi ndiyo mwongo? Wakikunyang'anya basi tutaishi vipi? Hawa watoto utawaambia nini?"

Niliona viatu vya Baba vikigeuka kuelekea mlangoni, kuelekea kwangu, vikasimama hapo. Nikadhani anatoka moja kwa moja kwenda Rissne. Lakini hakutoka. Alisema tu, taratibu, "Acha nitajirekebisha," na Mama akaanza kulia.

Baada ya siku hiyo Baba alianza kuacha chakula nusu. Mimi nikaona ni huzuni inayomharibia hamu, na dawa ya huzuni niliijua. Nikaacha vidole nikachukua kijiko cha chai.

Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mwenzake wa zamu alikuwa mwanamke wa Kifilipino aliyekaa jengo la pili kutoka letu, na sisi watoto tulimwita Tantine Marisel, kama shangazi yetu. Kiswidi chao wote wawili kilikuwa cha kuunga kwa gundi, na huenda ndiyo sababu walielewana vizuri hivyo. Mama alimwambia yote: presha, basi, mume mwongo anayekula soseji kwa siri. Tantine Marisel akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali ambalo hakuna kwetu aliyekuwa ameliuliza.

"Na wewe, kwa nini unapika sufuria mbili?"

Jumamosi iliyofuata alikuja na mfuko wa dukani kila mkono, na ndani ya mmoja sufuria ameifungia kwenye taulo. Alikuwa ameichemsha nyama usiku uliotangulia, mkia kidogo wa ng'ombe na muundi mwingi usio na mafuta, kisha akaiacha sufuria kwenye roshani ilale na baridi. Alipofunua kifuniko, juu palikuwa na gamba jeupe kama barafu ya ziwani mwezi wa pili. Akalibandua kwa kijiko, kipande kwa kipande, akavipanga kwenye karatasi mbele ya Mama.

"Baba yangu alikuwa akivila hivi kila Jumapili," alisema, "mpaka Jumapili aliyoanguka. Ndiyo nikajifunza kupika hivi."

Nilisogea nikagusa kipande. Kilikuwa kigumu, kikaacha kidole changu kinateleza. Niliuliza kimetoka wapi ilhali nyama haionekani nyeupe, na kinaenda wapi tumboni, na kama tumbo lina joto la kutosha kukiyeyusha. Mama aliniambia ninyamaze. Tantine Marisel akasema niachwe, maswali hayana mafuta.

Chakula chenyewe kinaitwa kare-kare, mchuzi mzito wa karanga ambao kwao hupikwa siku za wageni. Mama aliposikia karanga, mabega yalimshuka. "Hii najua," alisema, akatoa kinu chake kidogo cha mbao, akakiweka juu ya taulo lililokunjwa mara nne ili jirani wa chini asigonge dari kwa ufagio. Zilikaangwa kavu, bila tone la mafuta, zikatwangwa mpaka zikaanza kujitolea mafuta zenyewe. Karanga za kopo zina sukari, alisema Tantine Marisel. Wakakaanga na mchele, mchele mbichi, mpaka ukawa wa kahawia, wakausaga unga wa kuutia mchuzi uzito. Mimi nilikuwa sijawahi kuona mchele ukikaangwa na nilitaka kujua kama unaweza kulipuka kama bisi. Hauwezi, nilikaa nao mpaka mwisho.

Mama alipotaka kutia mawese kwa ajili ya rangi, Tantine Marisel alimshika mkono, akatoa mbegu ndogo nyekundu akaziloweka kwenye maji ya moto. Maji yakageuka rangi ya machweo. Mama akachovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa. Ilikuwa rangi tupu, ndani hamna kitu. Kisha zikaja mboga, nyingi kuliko nyama mara tatu: biringanya, maharage mabichi marefu, kabichi ya Kichina, na kopo ambalo ndani yake mlikuwa na ua la mgomba.

"Ua?" Mama alicheka mpaka akashika meza. "Hili kwa bibi yangu tulikuwa tunalikata tunalitupa! Marisel, sisi tumetupa chakula chenu miaka yote hiyo!"

Nilisubiri chumvi. Nilikuwa na sababu zangu za kuitazama chumvi nyumba ile kuliko mtu mwingine yeyote. Karanga zikaingia, sufuria ikaanza kutokota polepole na kutema matone, mboga zikaingia, moto ukapunguzwa, na mkebe wa chumvi haukusogea pale ulipo. Nikashindwa kuvumilia.

"Umesahau chumvi," nilimwambia.

"Sijasahau. Haiingii."

"Kwa sababu ya Baba?"

"Hapana. Hata kwetu, hata kwa watu wazima wa afya kama ng'ombe, sufuria hii haitiwi chumvi." Alitoa chupa kwenye mfuko, akaifungua, na harufu ikanipiga puani. Yvan alikimbia. Mama akasema hii ni ndagala, dagaa wa kwetu, iliyosahaulika kwenye basi. Tantine Marisel akachota uduvi ule wa zambarau, akautia kwenye kikombe cha kahawa. "Chumvi inakaa nje. Anayetaka anachota kidogo, anagusisha na tonge lake. Asiyetaka anaacha. Babu, mtoto, mgeni, mgonjwa, sufuria ni moja."

Nilisimama pale nikikitazama kile kikombe. Majuma yote yale nilikuwa nikisukuma mlango ambao kumbe unafunguka kwa kuvutwa. Si kwamba sufuria ya Baba iongezwe chumvi. Ni ya kwetu ipunguzwe, basi, na yeye arudi! Jambo rahisi hivyo, na hakuna mtu Husby nzima aliyelifikiria, si Mama, si mimi niliyefungua redio.

Baba alirudi kutoka zamu ya asubuhi akiwa bado na koti la kazi. Alinusa, akauliza kuna nini. Mama alikuwa ameshamwaga wali kwenye sinia na mchuzi katikati, akainua macho.

"Njoo ukae. Leo hakuna sahani."

Alinawa mikono kwa muda mrefu. Kisha akaja akaketi upande wa dirisha, Tantine Marisel akabanwa kati yangu na Yvan, na kikombe cha uduvi kikawekwa mbali na Baba. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilikula mchuzi ule, wenye utamu wa karanga na uchungu kidogo wa ua la mgomba, na bila uduvi ulikuwa umetulia mno, kama mtu asiyemaliza sentensi. Lakini mkono wa Baba ulikuwa kwenye sinia. Ningekula hata udongo.

Ndipo Mama alipolianzisha. Hakuwa mtu wa kuacha jambo lioze. Alisema kwa Kiswahili, ili mgeni asielewe.

"Sasa sote tunakula kimoja. Kipimo kijacho tutaona. Lakini Baba Nadine, kabla ya hapo, kwenye sinia hili mbele ya watoto, niambie ukweli mara moja tu niupumzishe moyo. Ulikula soseji?"

Baba aliacha kutafuna. Macho yake yalipita usoni kwangu, haraka sana, yakaenda zake.

"Bon, sawa," alisema. "Nilikula."

"Wapi?"

"Akalla. Mara nyingi. Unisamehe."

Mama akashusha pumzi, karibu na furaha. Na mimi nikamtazama baba yangu akidanganya. Kumtazama mtu mzima akidanganya ili ajitie hatiani ni kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona, na kiliniingia kama mwiba.

"Hakula!" nilisema, au nililia, sikumbuki. "Hakula soseji, ni mimi! Mimi ndiye niliyetia chumvi! Kila siku!"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi nimefikiri walikuwa wamemwona Mama alivyonitazama dakika ile. Mkono wake ulisimama hewani na wali unadondoka. Tantine Marisel akauliza kwa Kiswidi, kwa wasiwasi, kama chakula hakijaiva.

Niwaondolee wasiwasi na ninyi: presha ilishuka. Haikushuka kwa muujiza, ilishuka kidogo kidogo kama inavyoshuka, na Baba aliendesha basi lake mpaka alipostaafu. Mchuzi ule ukawa wa Jumamosi zetu, na siku nyingine Mama akaanza kupika kila kitu hivyohivyo, sufuria moja, chumvi nje. Lakini saa ile hakuna aliyejua hayo. Saa ile kulikuwa na sinia na watu watano wasiokula.

"Najua," alisema Baba.

Mama akamgeukia. "Unajua nini?"

"Kwamba ni yeye. Nilijua siku ya kwanza. Nani mwingine?" Alikuwa akiutazama mkono wake uliopakaa karanga. "Nilisema moyoni, mtoto wangu ananionea huruma, ananiletea utamu kwa siri. Na ilikuwa tamu, Mama Nadine. Nikanyamaza. Halafu ulipoanza kulia pale jikoni, nikasema sasa nikimtaja atapigwa. Nikaona bora nile nusu."

Mtu mzima, mwenye leseni ya basi! Leo ninapolifikiria nashindwa kuchagua kati ya kicheko na hasira. Tulikaribia kumwangusha yeye mwenyewe, mimi kwa kutia na yeye kwa kunyamaza, na kila mmoja wetu alidhani anamfadhili mwenzake. Mama alisema tu, "Hamna akili, nyote wawili."

"Sikukuonea huruma," nilimwambia Baba. Ilibidi ajue. "Nilitaka sufuria ziwe sawa ili usihame."

"Nihame niende wapi?"

"Rissne."

Hakuelewa. Nikamweleza, kwa Kiswidi kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimenikimbia: sahani, televisheni, baba yake Sanna, vitanda viwili, miswaki miwili. Nilipokuwa nikisema, niliona uso wake ukibadilika polepole, na nadhani hapo ndipo alipojua alichokuwa akikila majuma yote yale. Haikuwa huruma wala utamu. Ilikuwa hofu ya mtoto, kijiko kwa kijiko, na yeye alikuwa ameisifu.

Alivuta kiti chake mpaka kikagusa changu. Baba hakuwahi kusema nasi Kiswidi nyumbani. Kiswidi kilikuwa cha abiria na cha ofisi. Tulipomjibu kwa Kiswidi alijifanya kiziwi mpaka tuligeuze neno. Lakini siku hiyo aliinama, uso wake karibu na wangu, akatafuta maneno kwa lugha niliyolia nayo, ili pasiwe na kosa.

"Jag stannar," alisema. Nabaki.

Akasubiri mpaka nikaitikia kwa kichwa, ndipo akala.